Chupa Moja, Watu Wanne

"Dakika ngapi?" mke wa Mlingoti aliuliza.

"Tisa."

"Dumu linaisha dakika ya kumi na moja. Huyo mbwa wako angengoja siku ya maji ndiyo ang'ate."

Mlingoti alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya chumba chao, mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya mtaro, na mke wake anammiminia maji kwa kikombe cha plastiki, kidogo kidogo, kama anamwagilia mche. Sabuni ilikuwa kipande cha kufulia. Juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na matundu manne, mawili mbele, mawili nyuma, kingo zimevimba. Bomba la uani lilikuwa kavu siku ya tatu sasa.

"Msoma mita wa maji, kwake hakuna maji," mke wake akasema. "Majirani wanacheka, nawasikia."

"Wacheke. Wewe mimina."

Sista wa kituo cha afya alimwambia jana: robo saa, sabuni, maji yanayotiririka. Hakumwambia hayo maji yatoke wapi.

"Sasa leo unaenda kazini au kituoni?"

"Naenda kutafuta watu watatu waliong'atwa na mbwa."

Mke wake akasimamisha kikombe hewani. "Wa nini?"

"Bila wao sichomwi sindano."

Jana asubuhi aliingia uani kwa fundi wa mageti kusoma mita. Mita ilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya vyuma chakavu. Zamani wasoma mita walikuwa hawafiki huko. Unasimama barabarani, unaangalia mwezi uliopita waliandika ngapi, unaongeza kidogo, unaenda zako. Waliita kukadiria. Kisha ofisi ikaleta simu zenye programu: bila picha ya mita, na saa ilipopigwa, siku yako haihesabiwi. Kwa hiyo aliinama nyuma ya vyuma, simu mkononi, na mbwa akatoka mtaroni. Hakubweka. Mbwa anayebweka ana maneno na wewe, mnaweza kuelewana. Huyu alikuja kimya, mdomo unachuruzika mate, akang'ata mguu, akang'ata mkoba, akang'ata geti la chuma, kisha akaondoka akiyumba kuelekea uchochoroni, kama mlevi aliyesahau kwao.

Ule mkoba ulikuwa wa mzee aliyemfundisha kazi. Yule mzee naye aling'atwa, na kambwa kadogo tu, kanaingia kwenye ndoo. Akaweka chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea kusoma mita. Wiki ya sita akapewa kikombe cha maji ameze dawa ya kichwa, koo likajifunga. Akakisukuma kikombe. Kesho yake hata sauti ya maji yakimwagika ilikuwa inamrusha kitandani. Mtu aliyekaa idara ya maji miaka ishirini na mbili alikufa anakimbia kikombe cha maji. Mlingoti alikuwa mmoja wa waliomshika mikono.

Kwa hiyo yeye hakuweka chumvi. Alienda kituoni mbio, anachechemea.

Chumba namba sita, sista mmoja, meza moja, friji moja. Sista aliangalia mguu, akauliza, "Uko peke yako?"

"Mke wangu yuko kazini."

"Siulizi mke. Nauliza wengine waliong'atwa." Akaonyesha karatasi ukutani, ina mhuri: CHUPA MOJA, WATU WANNE. HAIFUNGULIWI KWA PUNGUFU. "Chupa ikifunguliwa inatakiwa iishe siku hiyo hiyo. Nikiifungua kwa mtu mmoja, dozi za watatu zinamwagwa. Kaa kwenye benchi, wakija wengine nitakuita."

Alikaa mpaka saa tisa alasiri, chumba kilipofungwa. Walikuja wenye majipu, wenye kikohozi, na mama mmoja aliyepotea njia anatafuta maabara. Wakati sista anafunga dirisha, Mlingoti alimuuliza ana muda gani.

"Hakuna anayejua," sista akasema. "Kirusi chenyewe hakipiti kwenye damu. Kinaingia kwenye mshipa wa fahamu pale ulipong'atwa, kinapanda taratibu, leo kipande, kesho kipande, mpaka ubongoni. Kikiwa njiani sindano inakiwahi. Kikifika kichwani hakuna dawa. Hapa hakuna, na huko unakosikia kuna hospitali kubwa hakuna."

"Kinatembea kama mimi. Nyumba kwa nyumba."

"Na hakiruki nyumba."

"Basi kinafanya kazi kuliko mimi."

Sista hakucheka. Ndipo Mlingoti alipoelewa.

*

Ofisini kwenye chumba cha wasoma mita kulikuwa na daftari limening'inizwa kwenye msumari. Halikuwa la ofisi, lilikuwa lao wenyewe. Waliandika mbwa. Mita 2208, mweusi, anafungwa mchana. Mita 3115, wawili, jike mkali akinyonyesha. Mita 0940, mdogo lakini mnafiki, anakuja nyuma. Mlingoti alilipitia lote. Mbwa wake hakuwemo.

Bosi, msimamizi wa wasoma mita, alikuwa anapuliza chai. Fomu ya ajali kazini ilikuwa mbele yake.

"Mbwa wa mita gani?"

"Hayumo kwenye daftari. Wa mitaani."

"Hapa panatakiwa saini ya mwenye mbwa."

"Bosi, nakwambia hana mwenyewe."

"Hana mita, hana mwenyewe. Hana mwenyewe, nani ashuhudie alikung'ata?" Bosi akaisukuma fomu kando. "Mimi siwezi kuipeleka juu hivi, watanirudishia. Wewe nenda ukanda wako, una mita sitini leo. Mguu unatembea, si ndiyo?"

"Unatembea."

"Haya basi. Mrefu wewe, mbwa amekufikia mguuni tu."

Wenzake wakacheka. Mlingoti naye akacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akachukua mkoba, akatoka, na badala ya kushika njia ya ukanda wake akarudi kwa fundi wa mageti. Alikuwa amewaza usiku kucha. Mbwa aliyemng'ata mtu, mkoba na geti kwa pumzi moja hawezi kuwa aliishia hapo. Alielekea uchochoroni, kushoto. Basi na yeye atashika kushoto, atapiga hodi kila mlango, kama siku yoyote ya kazi. Ilikuwa saa mbili na nusu. Chumba namba sita kinafungwa saa tisa.

Shida ilijitokeza mlango wa kwanza. "Hodi! Idara ya maji!" Ndani redio ikazimwa. Mtoto akaanza kusema kitu, akazibwa mdomo. Mlango wa pili hivyo hivyo. Wa tatu mtu alitokea dirisha la nyuma, akaruka. Miaka sita Mlingoti alikuwa mtu wa kukimbiwa, maana msoma mita ndiye anayekuja na koleo la kukata maji. Leo, siku anayowahitaji watu, wanajificha chini ya vitanda.

Mlango wa nne akabadilisha. "Hodi! Sikati maji! Nimeng'atwa na mbwa!"

Mlango ukafunguka palepale. Watu wakaja kuangalia.

"Wapi? Hebu tuone. Mamaaa! Meno manne!"

"Kapita hapa jana? Wa kahawia, anayumba?"

"Kapita. Muulize fundi cherehani, alipiga kelele huko."

*

Fundi cherehani alikuwa kwenye kibanda chake, futi ya kupimia imening'inia shingoni, sare za shule zimejaa mpaka mlangoni. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Maji nimelipa," akasema bila kuinua macho.

"Sijaja kwa maji. Mkono una nini?"

"Sindano ya cherehani."

"Sindano ya cherehani ina meno mawili juu na mawili chini?"

Fundi akasimamisha mguu. Cherehani ikanyamaza. "Punguza sauti, bwana. Shule zinafungua Jumatatu. Wakisikia fundi ana kichaa cha mbwa nani ataleta nguo hapa?"

"Huna kichaa. Bado." Mlingoti akavua kiatu, akaweka mguu juu ya kiti cha wateja. "Sote wawili bado. Kinapanda kwenye mishipa ya fahamu. Wewe kimeingilia kwenye vidole, na vidole ndiyo kazi yako. Kuna sindano, lakini hawafungui chupa mpaka tuwe wanne."

"Wanne? Kama gari linasubiri abiria?"

"Hivyo hivyo."

Fundi aliangalia sare, akaangalia mkono. Vidole viwili vilikuwa vinamwasha tangu alfajiri, akasema, na alidhani ni uzi. "Nimalizie kola hii."

"Kola itakungoja. Mimi nimemzika mtu aliyekuwa anamalizia kitu."

Wakatoka pamoja. Fundi alisahau futi shingoni.

Mlango wa saba walimkuta bibi mmoja anayeuza mitumba barazani, na mjukuu wake wa miaka sita, kafungwa mtandio kichwani kama mwenye jino. Bibi alimtambua Mlingoti.

"Wewe! Mwezi jana umenikatia maji, leo umekuwa daktari?"

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Usinilainishe."

"Mtoto kang'atwa wapi?"

Bibi akafungua mtandio. Shavuni, chini ya jicho, mkwaruzo mrefu na tundu moja lenye chumvi imeganda. Mtoto alimtazama Mlingoti kutoka chini mpaka juu, safari ndefu, akauliza, "Wewe unagusa balbu bila kupanda kiti?"

"Nagusa. Na huwa inaniunguza."

Mtoto akacheka upande mmoja, upande mzima. Mlingoti akaona hapo tundu lilipo na kichwa kilipo. Hakukuwa na njia hapo kati, mtu kashafika mlangoni.

"Bibi, una sabuni?"

"Ninayo. Maji ndiyo sina, umekata."

Fundi akaenda kuomba ndoo jirani. Wakamwosha mtoto robo saa, Mlingoti akiangalia saa ya simu, bibi akimwimbia kitu cha kumnyamazisha. Katikati simu ikalia.

"Mlingoti! Sijaona hata picha moja imeingia," sauti ya Bosi. "Uko wapi?"

"Niko kwenye nyumba, Bosi."

"Mita namba ngapi?"

"Sijaangalia mita."

"Nakuwekea hukufika kazini."

"Weka," akasema, akarudisha simu kifuani. Bibi alikuwa amesikia. Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu na kadi ya kliniki ya mtoto mkononi.

"Twende basi," akasema. "Kabla sijakumbuka ulivyonifanyia."

*

Muuza mkaa ndiye aliyekuwa mgumu. Mwanamke mpana, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, alikuwa anapima mkaa kwenye mikebe na hakuacha kupima.

"Mbwa? Alinipita. Wala hakunigusa."

Mlingoti, kwa urefu wake, alikuwa anauona ukosi wa blauzi kwa juu. Ulikuwa na damu iliyokauka, na chini ya nywele, kisogoni, palikuwa pamevimba.

"Ulikuwa umeinamia gunia," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Huko nyuma ya shingo. Dada, hapo ni karibu sana na kichwa."

"Na magunia haya yako karibu sana na wezi. Nikiondoka utayalinda wewe? Nitatia chumvi, nitapona. Nimeng'atwa na mengi." Akageuka kwa mteja. "Ngapi, shoga? Miwili?"

Mlingoti alitaka kumwambia habari za kikombe cha maji, lakini mteja alikuwa ameshasimama katikati na mkebe ulikuwa unamwagwa. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika kwa herufi kubwa kwenye gunia tupu lililotundikwa: KITUO. CHUMBA 6. KABLA YA SAA TISA.

"Umenichafulia gunia," akasema muuza mkaa.

"Gunia la mkaa?"

Muuza mkaa akarudi kwenye mikebe yake.

Saa saba. Waliong'atwa walikuwa watatu, na mtoto alianza kulalamika miguu, Mlingoti akambeba begani. Wakapita nyumba kumi na moja. Katika nyumba moja mzee alisema kang'atwa, kuangalia ni jipu. Kwenye nyingine kijana alisema mbwa mwenyewe kauawa jana jioni kwa mawe kule kwenye geti kubwa la kijani, na mlinzi wa pale ndiye aliyemmaliza.

Mlinzi alikuwa amesimama wima kwenye kibanda chake, kofia, rungu, buti. Wima kupita kiasi.

"Nilimmaliza mimi," akasema. "Rungu mbili."

"Na yeye alikumaliza wapi?"

"Mimi? Mlinzi ang'atwe na mbwa? Wataniitaje?"

"Afadhali hilo jina kuliko marehemu," fundi akasema.

"Baba mlinzi," mtoto akasema kutoka juu ya bega, "suruali yako imeshonwa na uzi mwekundu."

Kweli. Paja la kulia, mstari mzima, mishono mikubwa ya mtu anayeshona kwa aibu. Fundi cherehani akaguna kwa uchungu wa kazi. Mlinzi alitazama juu, akatazama geti, akakohoa.

"Nikiacha geti tajiri ananifukuza. Ana kamera."

"Kamera inaona nini?"

"Kibanda. Dirisha tu."

Wakaangaliana. Mlinzi aliingia kibandani, akasimamisha fagio kwenye kiti, akalivika kofia yake, akaligeuza kidogo liangalie barabara. Kutoka nje lilikuwa mlinzi mzuri tu, tena halisinzii.

*

Walifika chumba namba sita saa nane na nusu. Sista aliinua macho, akaanza kuhesabu kwa kalamu: fundi, mtoto, mlinzi, Mlingoti. Akahesabu tena.

"Umewatoa wapi?"

"Nimewasoma," Mlingoti akasema.

Sista alifungua friji, akatoa kichupa kidogo kama kidole cha mwisho, akakishika kwenye mwanga. Watu wote walisogea karibu, hata bibi. Fundi alinong'ona, "Kenyewe ndiyo haka?" Kifuniko kikang'oka.

"Mtoto kwanza," Mlingoti akasema. "Mimi wa mwisho."

Mtoto alichomwa bega hili na bega lile, akalia kidogo, akapewa boksi tupu la sindano achezee. Fundi alifumba macho. Mlinzi alisimama wima, na sindano ilipoingia alimshika bibi mkono, akamwachia haraka. Sista alimwambia Mlingoti akunje mikono ya shati.

Mlango ukapigwa teke. Muuza mkaa aliingia anahema, mweusi mpaka usoni, jasho limechora mistari kwenye mkaa.

"Ni hapa? Nimemwachia magunia mwanamke nisiyemjua hata." Akageuza kisogo, akanyanyua nywele. "Angalia. Limeanza kuwasha hadi sikioni."

Sista aliangalia lile jeraha kwa muda. Kisha akaangalia chupa. "Imebaki dozi ya mtu mmoja."

"Fungua nyingine," bibi akasema.

Sista alionyesha ukuta bila kugeuka.

"Ziko ngapi kwenye friji?" Mlingoti akauliza.

"Tatu."

"Tatu! Na sisi tumesimama hapa?"

"Na barua mbili za onyo kwenye faili langu, zote za kufungua chupa kwa mtu mmoja. Nikipata ya tatu wananiondoa, na chumba hiki kinafungwa mpaka watafute mwingine. Mwaka juzi kilifungwa miezi minne. Unataka nikuhesabie waliokuja miezi hiyo minne?" Sauti yake haikupanda. "Sikuandika mimi ile karatasi. Aliyeiandika hajawahi kukaa kwenye kiti hiki."

"Basi igawe hiyo, nusu yangu nusu yake."

"Nusu haizuii kitu. Mtakufa wawili badala ya mmoja."

Muuza mkaa akashusha nywele. "Mchome yeye. Yeye ndiye aliyetutafuta. Mimi nilimfukuza."

"Fundi," Mlingoti akasema, "nipe hiyo futi."

Fundi hakuelewa, lakini akaivua shingoni. Mlingoti akamwambia ampime muuza mkaa, kutoka kwenye jeraha mpaka juu ya shingo, fuvu linapoanzia. Fundi akapima kama anapima kola, vidole vya mkono mbovu vimekunjwa.

"Vidole vinne. Sentimita saba."

"Sasa mimi. Anzia kwenye meno."

Fundi akapiga goti, akabana ncha ya futi kifundoni, akapandisha: goti, paja, kiuno, mgongo. Ikabidi asimame juu ya benchi. Alipofika kati ya mabega akasimama.

"Futi imeisha."

"Imeishia ngapi?"

"Mia na hamsini. Na bado hujafika shingoni."

Mlinzi aliangalia buti zake. Mlingoti akateremsha mikono ya shati, akafunga vifungo.

"Mimi nina safari ndefu," akasema. "Mchome huyu."

Muuza mkaa alichomwa huku machozi yanatoka, na alipoulizwa kama inauma alisema anaumwa na moshi. Sista akawaandikia kadi. "Nyie wanne mnarudi siku ya tatu, halafu siku ya saba. Pamoja. Mmoja akikosa, sifungui."

"Tumeoana," fundi akasema.

Waliondoka mmoja mmoja, kila mtu anarudi mbio kwenye kitu alichokiacha. Bibi alibaki mlangoni, kamshika mtoto mkono. "Mwanangu," akamwambia Mlingoti, akampigapiga mkono.

"Nitarudisha maji yako, bibi. Koleo ninalo mwenyewe."

*

Sista alifungua rejista kubwa, akaandika. Mlingoti alisoma mstari wake kichwa chini, kazi aliyoizoea kwa mita zilizofungwa ovyo. *Msoma mita. Mguu. Mmoja. Amerudishwa.* Juu yake, mstari wa Jumatatu: *Mmoja. Amerudishwa.* Juu yake tena: *Mmoja. Amerudishwa.*

"Wako wangapi humo kama mimi?"

"Mwezi huu? Tisa."

"Tisa. Kila mtu alikuja peke yake?"

"Kila mtu na siku yake."

"Na hakuna aliyewapigia simu waje pamoja?"

"Simu ya kituo haina salio tangu mwaka jana. Na hiyo si kazi ya mtu yeyote hapa. Nimeuliza. Haijaandikwa kwa mtu yeyote."

Wote wawili wakaitazama rejista. Watu tisa. Chupa mbili na mmoja wa ziada, na chupa tatu ziko kwenye friji inayounguruma pale, hatua mbili kutoka mezani.

"Nipe walipo."

"Siwezi. Ni siri ya mgonjwa." Sista alisema hivyo akisimama. Akaigeuza rejista ielekee upande wa Mlingoti, akaiacha wazi, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Alinawa mikono. Akapaka sabuni mara ya pili, akanawa tena, katikati ya vidole, mgongoni mwa vidole, mpaka viwiko, amempa mgongo. Maji yalitiririka muda mrefu.

Mlingoti alisoma safu ya mitaa na namba za nyumba, hakuchukua kalamu. Msoma mita anaangalia namba mara moja. Nyumba tatu zilikuwa kwenye ukanda wake mwenyewe, zile mita sitini za leo. Aliijua milango, alizijua namba, alijua mita ipi inavuja.

"Nafungua saa mbili asubuhi," sista akasema bila kugeuka, bomba likiwa bado wazi.

"Nitakuwa hapa. Wanne."

Nje jua lilikuwa kali na mguu ulianza kupwita. Simu ikalia. Bosi alitaka kujua amesoma ngapi, na kama anajua kwamba ofisini kuna watu arobaini wanaoitaka kazi yake.

"Wanne nimeshamaliza," Mlingoti akasema. "Bado watatu."

"Watatu nini? Mita sitini!"

Akakata. Akaweka mkoba wa mzee begani, upande wenye alama za meno ukiangalia nje, akashika barabara. Nyumba ya kwanza ilikuwa mita 3115, geti la mabati, rangi ya bluu imebanduka. Alikumbuka daftari la kwenye msumari. Wawili, jike mkali akinyonyesha.

Akapiga hodi.

Ndani mbwa akabweka, wa pili akafuatia, kucha zikakwaruza mabati usawa wa kifua chake. Redio ikazimwa. Mlingoti aliangalia mguu wake, akaangalia mwanya wa geti, akasogea karibu.

"Hodi!" akapiga tena kwa ngumi. "Sikati maji! Nani kang'atwa humu?"